SOMO LA VIKUNDI: KABATI LA JIKONI TULIPAKE NINI?

Somo letu safari hii ni la jikoni. Kuna watakaosema, "Hayo ni mambo ya fundi, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Pesa ni zetu, jikoni ni kwetu, na watoto wanaoshika mlango wa kabati kisha wakalamba vidole ni wetu. Tena tumeona kikundi kizuri kikikaribia kuvunjika kwa sababu ya kopo moja la vanishi.

Someni kwanza yaliyotokea, halafu tusaidiane kufikiri.

YALIYOTOKEA

Kikundi hicho ni cha akina mama 14, hapa upande wa Karurumo. Walikuwa na mzunguko wa pesa kama vikundi vingi. Siku moja wakaona kwamba pesa ya mkononi inaisha kwa sukari na madeni, na mwisho wa mwaka hakuna kitu cha kuonyesha. Wakapatana kwamba afadhali kila mama atengenezewe kabati la vyombo, moja kila mwezi, mpaka zamu iwafikie wote. Wazo lilikuwa zuri. Fundi alipatikana, mgrivelea ukakatwa shambani kwa mwanachama mmoja, mbao zikapasuliwa, na makabati matatu ya kwanza yakatoka yakiwa yanang'aa mpaka mtu aliweza kujiona uso.

Mvua za Oktoba zilipoanza, kazi ikasimama kidogo. Kufikia Januari mambo yalikuwa yamegeuka. Kabati la kwanza, mlango haufungi tena. La pili limefanya madoa meupe kila mahali palipowekwa sufuria ya moto. La tatu, ambalo lilikuwa karibu na mafiga, lilikuwa linanata kama ulimbo, masizi yameshika, na ukipangusa vanishi inatoka pamoja na kitambaa.

Katika mkutano, mama mwenye zamu ya nne alisimama akasema, "Mimi sitaki kabati. Nipeni pesa yangu." Wenzake 10 waliobaki wakasema vivyo hivyo. Basi wale watatu wa kwanza wakaonekana kama waliokula jasho la wengine, na fundi akaitwa mwizi hadharani.

Tulipoitwa kusuluhisha, ilitubidi tuanze kwa kuungama. Walipokuwa wakipanga kazi hiyo walituuliza wapake nini, nasi tukajibu mbio mbio, "Chagueni ile inayokauka haraka na yenye bei nafuu." Hatukuuliza wanapikia nini. Hatukuuliza mbao zilipasuliwa lini. Kwa hivyo somo hili limetoka katika makosa yao na yetu pia.

JAMBO LA KUSHIKA

Kama mtasahau mengine yote, shikeni hili: MNG'ARO SIO ULINZI. Kile ambacho mafundi huita finishi, yaani vanishi, laka, rangi au mafuta ya kumalizia mbao, hatukichagui kwa macho pale dukani. Tunakichagua kwa kujiuliza maswali matatu:

1. Jikoni kwangu kuna nini: moshi, mvuke, mafuta, au vyote?
2. Mbao zangu ni za mti gani, na je, zimekauka?
3. Mwaka ujao nani atalitunza kabati hili, na kwa kitu gani?

JIKONI HUFANYA NINI KWA MBAO?

Mbao hata ikiwa imekauka hunywa unyevu na kuutoa. Wakati wa mvua hupanuka, wakati wa kiangazi hujikunja. Tena haipanuki kwa urefu, hupanuka kwa upana. Ndio maana mlango uliofunga vizuri mwezi wa Februari unakwama mwezi wa Aprili.

Jikoni huongeza shida hiyo. Sufuria ya githeri ikichemka saa tatu, mvuke wote unapanda ukutani na kwenye kabati. Moshi wa kuni nao huleta masizi yenye mafuta, ambayo hayatoki kwa maji matupu. Mafuta ya kukaangia huruka. Sufuria ya moto huwekwa juu ya kabati. Halafu kila siku kuna mikono yenye maji, na kila Jumamosi kuna sabuni na kitambaa.

Finishi ya jikoni, basi, lazima iweze kuoshwa, isiogope mvuke, na isiyeyuke kwa joto la kawaida. Kabati la sebuleni halina vita hivi vyote. Kinachofaa sebuleni huenda kisifae jikoni.

Hapa tuseme ukweli mwingine. Hakuna vanishi inayoponya moshi. Kama jikoni kwako huwezi kuona ukuta wa pili saa ya kupika, pesa ya kwanza iende kwenye dirisha, bomba la moshi, au jiko lenye nafuu kama lile la Maendeleo lililoenezwa nchini tangu miaka ya 1980. Moshi unaoharibu kabati ndio huo huo unaoingia kifuani mwako na mwa mtoto uliyembeba mgongoni.

MBAO KWANZA, KOPO BAADAYE

Makabati yale matatu yaliharibika kabla hata ya kupakwa. Mti ulikatwa Julai, na kabati la kwanza likatengenezwa Agosti. Mbao mbichi ukiifunga kwa vanishi, maji yaliyo ndani yatatafuta njia ya kutoka. Yatasukuma vanishi, itafanya malengelenge, itabanduka. Na mbao yenyewe itapinda.

Mbao zikishapasuliwa, zipangeni kivulini, juu ya mawe au magogo, na kati ya mbao na mbao mweke vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Wekeni mabati juu na uzito wa mawe ili zisipinde. Mbao ya unene wa inchi 1 msiiguse kabla ya miezi 3 hivi, na wakati wa mvua au ule ukungu wa Julai ngojeni zaidi.

Mtajuaje kwamba zimekauka? Msibahatishe. Chukueni kipande kutoka katikati ya rundo, mkipime kwenye mizani ya dukani, mwandike uzito. Kirudisheni kwenye rundo. Pimeni tena kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado inatoa maji. Ukisimama pale pale kwa wiki mbili au tatu, hapo mbao imekauka kwa kiasi cha hewa ya kwetu. Hii ni kazi ya mweka hazina, kwa sababu ni hesabu.

Kuhusu miti yenyewe:

MGRIVELEA. Ndio mti ulio katika karibu kila shamba la kahawa huku kwetu. Mbao yake ina mapambo mazuri na hupokea vanishi vizuri, lakini ikikaushwa ovyo hupinda. Vumbi lake huwasha ngozi ya watu wengine, kwa hivyo anayepiga msasa ajifunike mikono na pua.

SAIPRESI. Ni laini, ni rahisi kuranda. Shida yake ni macho ya mbao, ambayo hutoa utomvu. Ukipaka rangi nyeupe juu ya jicho bila kuliziba, baada ya miezi michache doa la manjano litatokea. Liziba kwanza kwa shelaki.

MKARATUSI. Hupasuka na kujikunja sana ukikaushwa kwa haraka. Kwa milango ya kabati tungeuacha.

MUURU, MURINGA NA MUKAU. Muuru ni mti wa asili wa nchi hii ya kuzunguka Mlima Kenya, nao mukau ni wa sehemu kavu kama Mbeere. Ni mbao nzuri sana. Mkiwa nazo, msizifiche kwa rangi. Zipakeni kitu cheupe kinachoonyesha mbao. Na mkikata mmoja, pandeni kadhaa.

TUPAKE NINI?

Sasa tuje kwenye makopo. Tumeyapanga kwa namna mnavyoyaona dukani.

1. Vanishi ya mafuta, hasa ile iliyoandikwa poliurethani. Huonyesha mbao, huoshwa, huvumilia mvuke na mafuta. Hukauka polepole: baina ya mkono mmoja na mwingine ni usiku mzima au siku nzima, na huchukua wiki kadhaa kukomaa kabisa. Huu uvivu wake ndio unaowachosha mafundi. Lakini kwa jikoni la kuni ambalo mwenyewe anataka mbao ionekane, hii ndiyo tunayoipendekeza.

2. Laka, ile ya kuchanganywa na thina na kupulizwa kwa mashine. Hukauka kwa dakika chache na hung'aa sana. Ndiyo iliyopakwa makabati yale matatu. Aina ya kawaida huogopa joto na maji: kikombe cha chai ya moto huacha duara jeupe. Mvuke wake wakati wa kupaka hushika moto upesi na huumiza kichwa. Iacheni kwa meza na viti vya sebuleni.

3. Sila ya msasa, yaani ile ya kujaza vitundu vya mbao kabla ya vanishi. Tunaitaja kwa sababu moja: hii sio finishi. Ni ya chini tu. Fundi akikupakia sila peke yake, kabati litapendeza wiki mbili. Ulizeni, "Juu ya sila mmepaka nini, na mikono mingapi?"

4. Rangi ya mafuta. Huficha mbao isiyo nzuri, huoshwa kwa sabuni, na rangi nyepesi huangaza jikoni lenye giza, ukamwona mende kabla hajaingia kwenye unga. Yataka praima na andakoti chini yake, sio kupakwa moja kwa moja kwenye mbao. Ile nyeupe hugeuka manjano kidogo mahali pasipofika mwanga. Chagueni rangi ya maziwa tangu mwanzo, mtakuwa na amani.

5. Rangi ya maji ya ukutani. Ni ya ukuta. Kwenye kabati huvuta masizi na mafuta, hailindi mbao, na vyombo hushikamana nayo. Zipo rangi za maji zilizotengenezwa kwa mbao, nazo hazina harufu kali, lakini kopo lenyewe liwe limeandikwa hivyo.

6. Mafuta ya linsidi. Huingia ndani ya mbao badala ya kukaa juu. Uzuri wake ni kwamba mama anaweza kurudishia mwenyewe kwa kitambaa, bila fundi. Ubaya ni kwamba hayazuii maji sana, na lazima yarudiwe angalau kila mwaka. Yanafaa mahali pasipo na mvuke mwingi.

7. Nta ya nyuki. Wafugaji wa nyuki wa Mbeere wanayo. Nta huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 64, kwa hivyo haifai karibu na moto. Lakini ukiisugua kwenye kingo za droo zinazokwama, zitateleza kama zimepakwa sabuni.

Na sasa yale ya kukataa. OILI CHAFU YA GARI ni ya nguzo za ua, sio ya mahali pa chakula. Ina vyuma na sumu za injini, haikauki, na itaingia kwenye sahani. MAFUTA YA KUPIKIA nayo hayakauki vizuri kama ya linsidi. Huvunda, hunuka, na huita mende na panya. Mwiko na kibao cha kukatia mboga msivipake vanishi kabisa. Viosheni, mvianike juani, basi.

HATARI TATU

Ya kwanza ni risasi. Tunazungumza juu ya madini ya risasi yaliyokuwa yakitiwa katika rangi za mafuta ili zikauke upesi na ziwe na rangi kali, hasa za manjano, nyekundu na kijani. Madini haya huharibu ubongo wa mtoto mdogo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtakumbuka habari za Owino Uhuru huko Mombasa, ambapo watu waliumizwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3. Ile haikuwa rangi, lakini madini ni yale yale.

Kipimo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa kila milioni. Sisi hatuna mashine ya kupima, lakini tunaweza kufanya haya: nunueni kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji na alama ya ubora ya KEBS, tafuteni palipoandikwa kwamba haina risasi, na msinunue rangi ya kupimiwa kwenye chupa ya soda.

Kama mmenunua kabati kuukuu mjini lenye rangi inayobanduka, msilipige msasa likiwa kavu wala msiichome rangi kwa moto. Lipelekeni nje, tandazeni karatasi ya nailoni chini, lowesheni kwa maji, kwarueni polepole, na takataka zote mzifunge. Mama mjamzito na watoto wasikaribie. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ya pili ni vitambaa vya linsidi. Jambo hili wengi hawalijui. Kitambaa kilicholoa mafuta ya linsidi, kikikunjwa na kutupwa pembeni, hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Kianikeni wazi nje mpaka kikakamae, au mkitumbukize kwenye maji.

Ya tatu ni moto wa jiko. Vanishi, laka, thina na tapentaini zisipakwe wala kufunguliwa ndani ya jikoni lenye moto. Kabati lipakwe nje, kwenye kivuli, na lisirudi ndani mpaka likauke.

NAMNA YA KUPAKA

(a) Piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, sio kukatisha. Anza na msasa wa namba 80 au 100, malizia na 150 hadi 180.

(b) Pangusa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ngoja kikauke. Usipake siku ya ukungu wala jua la utosini. Asubuhi ya saa nne ni saa nzuri.

(c) Vanishi ya mkono wa kwanza izimuliwe na tapentaini kidogo ili iingie ndani. Fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye kopo.

(d) Ikikauka, piga msasa mwepesi wa namba 240 au hivi, pangusa, paka mkono wa pili. Rudia hivyo kwa wa tatu. Mikono mitatu myembamba inashinda mmoja mnene.

(e) Paka NDANI na MGONGONI pia. Fundi wengi hupaka mbele tu. Upande usiopakwa hunywa unyevu, uliopakwa haunywi, na mlango unapinda kama ndizi.

(f) Miguu ya kabati ndiyo inayonywa maji kuliko sehemu nyingine, maana ncha za mbao zina matundu kama majani ya kunywea soda. Ipake mara nne kule chini, na kama sakafu ni ya udongo, isimamishe juu ya mawe bapa. Mchwa nao utawaona mapema.

(g) Acha milango wazi mpaka harufu iishe kabisa kabla ya kuweka vyombo. Usiweke unga wala mkate ndani ya kabati linalonuka vanishi.

HESABU YA KOPO

Someni Luka 14:28-30, habari za yule mtu anayetaka kujenga mnara. Kisha tufanye hesabu. Lita 1 hupaka karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kama futi za mraba 100. Tuchukue kabati la upana wa futi 4, kimo futi 6, kina futi 1 na nusu, lenye shelfu 3.

Nje: mbele futi 24, mbavu mbili 18, juu 6. Jumla 48. Mara mikono 3 ni 144.
Ndani: mgongo 24, milango 24, mbavu 18, juu na chini 12, shelfu pande zote 36. Jumla 114. Mara mikono 2 ni 228.
Mgongo kwa nje: 24, mkono 1.

Jumla yote ni futi za mraba 396. Gawa kwa 100: karibu lita 4. Kwa hivyo kabati moja ni kopo moja la lita 4. Fundi akiwaambia lita 1 inatosha, ama anapaka mbele tu, ama anapaka mkono mmoja. Akiwaambia 8, muulizeni nyingine ni ya nani.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Tukirudi kwa wale akina mama: hatukuwapa jibu mara moja, kwa sababu jibu letu la kwanza ndilo lililowaponza. Tulichukua ubao mmoja wa mgrivelea, uliokauka, tukaukata vipande sita vya kiasi cha kiganja. Kimoja tulipaka laka, kimoja vanishi ya poliurethani, kimoja rangi ya mafuta, kimoja rangi ya ukutani, kimoja linsidi, na cha sita tukakiacha hivyo hivyo. Vyote vikaning'inizwa kwa waya katika jikoni la mama mmoja, mahali ambapo kabati lingesimama, kwa muda wa mwezi. Kila Jumamosi vilidondoshewa mafuta ya moto, vikawekewa kikombe cha chai, kisha vikaoshwa kwa sabuni.

Mkutano uliofuata vipande vilipitishwa mkono kwa mkono. Hakuna aliyehitaji mwalimu. Mama mmoja mzee, ambaye hasomi, alishika vile viwili vya vanishi na rangi ya mafuta akasema, "Hivi ndivyo vimeoga vikatoka." Wakaamua: vanishi nje, rangi ya mafuta yenye mwanga ndani.

Fundi naye aliitwa, safari hii aketi kama mgeni. Akasema, "Mama zangu, niliwaambia mbao ni mbichi. Mkaniambia mwenye zamu anangoja. Tena mlinipa pesa ya jumla, kazi na vifaa pamoja. Nikinunua ghali, watoto wangu wanalala njaa." Kukawa kimya. Ilikuwa kweli. Walipatana upya: kikundi kinunue kopo na msasa chenyewe, fundi alipwe kazi yake tu, nusu akimaliza kuunda, nusu akimaliza mkono wa tatu, na wanachama wawili washuhudie. Yaliandikwa katika kitabu cha mikutano, na fundi akaombwa msamaha kwa lile neno "mwizi".

Makabati yale matatu yalifutwa laka kwa thina, nje uani, yakaachwa yakauke kiangazi chote cha Februari, milango ikarandwa, yakapakwa upya. Gharama waligawana wote 14. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na mama mmoja alijitoa katika kikundi kwa sababu yake. Tulisikitika. Waliobaki 13 waliendelea, na zamu ya nne ikatimia mwezi wa Mei.

KUTUNZA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila wiki pangusa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha kausha. Usisugue kwa majivu wala waya. Sufuria ya moto iweke juu ya kibao. Kabati likae mbali na mafiga, angalau hatua mbili za mtu mzima, na liache nafasi ya vidole vitatu kati yake na ukuta. Kila mwaka, mwezi wa Februari, likague. Mahali palipokwaruzika piga msasa mwepesi, rudishia mkono mmoja hapo hapo. Hii ni kazi ya nusu siku. Ukingoja mpaka vanishi yote ibanduke, ni kazi ya wiki na kopo jipya.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kisa hiki, nani alikosa? Msitaje mmoja tu.
2. Je, kuna kitu kikundi chetu kilichonunua kwa sababu kinang'aa? Sasa kiko wapi?
3. Tunamlipaje fundi wetu? Je, malipo yetu yanamsaidia kufanya kazi nzuri, au yanamsukuma kuiba vipimo?
4. Hasara ikimpata mwanachama wa kwanza kwa uamuzi wa wote, nani ailipe?
5. Ni nyumba gani kati ya zetu zina rangi kuukuu inayobanduka mahali watoto wanachezea?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, kateni vipande sita vya mbao ile mnayotumia, mfanye lile jaribio katika jikoni la mmoja wenu. Mkimaliza, leteni vipande mkutanoni. Hata sisi tungependa kuviona.

Mtakatifu Yosefu, ambaye alijua kazi ya mbao na pia kazi ya kulea, atuombee. Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.